Masharubu ya Binti wa Kinyozi

Mpwa wangu, aliyerithi kiti changu cha saluni, ameniomba niwaambie ninyi mnaojifunza kwake mambo mawili matatu ya kazi. Nimemwambia ni mengi zaidi ya hayo na wala sitayapanga. Wateja wenyewe hawakuwahi kuja kwa mpango. Leo unapata bibi harusi, kesho unapata mtoto mwenye chawa, na wote wanataka wahudumiwe kwanza.

Mimi ndiye Mama Aziza. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimenyoa, nimesuka na nimeng'oa nywele za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, hapa Mbugangari, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma. Nimeacha kwa sababu ya magoti, mikono bado mizima. Ukiniletea kichwa sasa hivi nitakinyoa nimekaa, na hutaona kosa. Nasema hivi mapema ili msidhani mnasikiliza mtu aliyeshindwa kazi. Kazi niliiweza. Kilichonishinda kwa muda kilikuwa ndani ya nyumba yangu, na hicho nitakisema pia, maana ndicho hasa ninachotaka mkisikie.

Nywele za kichwa si tatizo. Tatizo linaanza mtoto akifika miaka kumi na tatu, kumi na nne, nywele zinapoota pengine. Hapo mlangoni wanaingia wawili, mtoto na mzazi, na mzazi ndiye anayesema yote. Utamsikia, "Mutoe hii," au "Usiguse hii," utadhani kidevu ni chake. Mtoto anatazama sakafu.

Mmoja wa hao alikuwa Baba Patrick, dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ya kutisha ng'ombe. Alimleta kijana wake mwenye umri wa miaka kumi na minne, ambaye juu ya mdomo alikuwa na kivuli tu, kitu ambacho ungeweza kukifuta kwa kitambaa.

"Mama Aziza, mutolee hii moustache. Kwa nyumba yangu mwanaume iko mumoja."

Nilikuwa na wateja watatu wanangoja na nilikuwa bado mgeni katika kazi, yaani nilikuwa na haraka na kiburi pamoja. Nikachukua wembe mpya, nikampitishia mtoto mkavu mkavu, bila maji ya moto, bila sabuni, kutoka chini kwenda juu. Mdomo, kidevu, mashavu, nikasafisha hadi mahali pasipokuwa na kitu. Baba akalipa, akafurahi, wakaondoka. Siku ya tatu alirudi akimvuta kijana mkono.

"Nilikuletea mutoto, umenirudishia nanasi!"

Kweli kabisa, uso ulikuwa nanasi. Vipele kila mahali, vingine vimetunga usaha. Sikilizeni basi, na hili mlishike: nywele zetu hujikunja. Ukizikata chini ya ngozi kwa kupandisha wembe, zikiota tena zinajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani. Kwa hiyo kwanza kitambaa cha maji ya moto, ukiache usoni kidogo. Kisha sabuni. Kisha wembe uteremke kule nywele zinakoelekea, mara moja, usirudierudie. Ukimaliza, maji baridi, na jiwe la shabu la kutuliza ngozi. Na kama ngozi ni ya vipele, weka wembe chini kabisa, tumia mashine, ile mnayoiita tondeuse, uache kivuli kidogo. Kivuli hakijamuua mtu.

Wakati namsafisha Patrick vile vipele, baba yake akiwa nje anapigia watu honi, kijana alifungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Zilikuwa kumi na saba," akasema.

"Nini kumi na saba?"

"Ile moustache. Nilikuwa nazihesabu kila asubuhi."

Nilicheka, halafu nikaona hatanii. Mtoto alikuwa amepata vinywele kumi na saba vya kwanza vya maisha yake, anavifahamu kimoja kimoja, na mimi nilivikwangua bila hata kumuuliza jina. Nikamwomba msamaha. Patrick sasa ana ndevu za kufunika tai, lakini tukikutana sokoni bado ananiita Mama Nanasi.

Ningeweza kuepuka aibu hiyo kama ningemfuata Bibi Sakina. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Babu zake walifika huku na biashara kutoka Ujiji, na yeye alibaki na mambo mawili ya kwao, Kiswahili cha kunyooka na sukari ya kung'olea nywele. Sukari, limau, maji kidogo, moto wa polepole. Hakupima kwa kijiko. Alidondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likibaki laini kama donge la ugali, tayari. Likiwa gumu la kugongana na meno, alisema, umepika pipi, wape watoto. Unapaka poda kwanza, unabandika sukari kinyume cha nywele, unavuta kule zinakoelekea, na unavuta chini chini, sambamba na ngozi. Nawaona ninyi mnavuta kwenda juu kama mnaondoa bati. Halafu mnashangaa mteja anapiga kelele. Na mkono mwingine uko tayari kubonyeza pale pale ulipovuta, maumivu yanapungua nusu.

Lakini ufundi wake mkubwa haukuwa kwenye sukari. Mama akija na binti, Bibi Sakina aliangalia ndani ya kikapu kilichojaa malimau, akapiga ulimi, akasema, "Ah, limau zimekwisha. Mama, nikimbilie dukani uniletee mbili." Mama akitoka, yeye anachuchumaa mbele ya mtoto, macho kwa macho, na kumuuliza, "Haya, mwanangu. Wewe unataka nini?"

Nilipofungua saluni yangu nilichukua ufundi huo wote. Nimetuma akina mama limau mpaka muuza duka la jirani akadhani napika achari. Na mnaweza kushangaa watoto wanavyosema wakiachwa dakika tano. Mama Clarisse, mfanyakazi wa ofisi aliyezaliwa Goma, mtu wa kanisa sana, alimleta binti yake atolewe nywele za miguu kwa sababu ya harusi ya binamu. Mama alipokwenda limau, binti akaniambia miguu haimsumbui hata kidogo. Kinachomsumbua ni makwapa. Kwenye michezo shuleni hanyanyui mkono, mpira unampita juu ya kichwa, na kumwambia mama yake anaogopa.

"Ataniuliza ni mwanaume gani amenituma," akasema.

Mama aliporudi nilimwambia tu kwamba mtoto ana neno, nikaingia jikoni. Niliwasikia wananong'ona, kisha mama akacheka kicheko cha aibu. "Yewe! Mi nilizania makwapa anajua kitambo. Mi mwenyewe ni nani alinifundisha? Hakuna." Miguu ilikwenda harusini na nywele zake, makwapa yalikwenda safi, na watu wote walikula wakashiba.

Kwetu sisi Waislamu neno la makwapa halina mshangao, tunafundishwa pamoja na dini. Msichana akivunja ungo shangazi anakuja, anafunga mlango, anamwambia yote. Kwa hiyo nilijiona nimemaliza. Mama ni fundi, shangazi ameshafundisha, nyumba yangu ingepata shida gani ya nywele? Ndivyo nilivyokuwa nikijisemea.

Aziza ni mtoto wangu wa kwanza, nilimpata nikiwa nimechelewa. Nyuma yake kuna mdogo wake wa kiume, basi. Alipofika miaka kumi na minne, malaika, vile vinywele laini vya juu ya mdomo, yalianza kukolea. Wiki kwa wiki yakawa meusi, yakashuka pembeni kidogo, yakawa masharubu. Niseme ukweli, nilifurahi. Bibi yake mzaa baba alikuwa nayo vilevile, na hapa kwetu watu husema mwanamke mwenye hayo ana bahati ya mali. Mama mkwe aliuza vitenge akajenga nyumba mbili. Nilipomtazama Aziza nilimwona mama mkwe, nyumba na vitenge vyote.

Ninyi mmesoma hapa, mnajua shule zetu zilivyo. Vichwa vyote vinanyolewa, wasichana kwa wavulana. Msichana hana msuko wa kujifichia, kinachobaki kuangaliwa ni uso. Darasani walimpa jina, wakamwita Tonton, yaani mjomba. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba aliniuliza mara mbili, jioni tunaposafisha chumba.

"Mama, hii bintu ya mudomo iko inaonekana sana?"

"Ni bahati ya bibi yako. Wacha."

Mara ya tatu aliniuliza mchana, saluni imejaa. Nilikuwa na uzi mdomoni, natengeneza nyusi za mteja. Niliutoa uzi, lakini badala ya kumjibu mtoto niliwageukia wateja nikawaambia, "Mumuone huyu! Mungu amemupa mali kwa uso, yeye anataka kuitupa." Wakacheka wote. Aziza naye akacheka kidogo, akaingia ndani. Hakuuliza tena, nami nikadhani amekubali.

Baada ya kama mwezi mmoja, asubuhi moja hakunywa chai.

"Niko nafunga, mama. Nalipa siku zangu za Ramazani."

Mnajua furaha ya mzazi kusikia hivyo? Wanawake wazima wanasukuma siku zao za kulipa mpaka Ramadhani nyingine inabisha hodi, na wangu mdogo anazilipa bila kuambiwa. Alikuwa pia amevaa barakoa, moja ya zile zilizobaki nyumbani tangu korona. Alisema ana mafua, hataki kumwambukiza mdogo wake. Magharibi alichukua sahani yake akala chumbani kwa sababu hiyo hiyo ya mafua. Siku ya pili vivyo hivyo. Mimi nikawa nawaambia wateja, "Mwanangu anafunga na mafua yake." Nilimtangaza mpaka kwa mke wa imamu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, niliingia chumba cha nyuma kuchukua taulo. Aziza alikuwa amesimama kwenye kona, barakoa imeteremka kidevuni, ananyonya uji kwa mrija. Kutoka puani hadi mdomoni ngozi ilikuwa imeondoka. Paliiva, palikuwa pekundu, na pembeni pameshaanza kutoa maji.

Alikuwa amepata tyubu ya dawa ya kuondoa nywele kutoka kwa mwenzake wa darasani, ambaye shangazi yake hufanya biashara Goma. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua. Dawa hizo ni za kukaa dakika chache, na kamwe usimpake mtu usoni kabla ya kujaribu tone mkononi na kungoja hadi kesho yake. Yeye aliiacha muda wa kuosha vyombo vyote, na ilipoanza kuunguza akadhani ndiyo inafanya kazi. Kisha akajisugua na limau, kwa sababu alikuwa ameniona mimi na malimau maisha yake yote.

Nikamfunika shuka tukakimbia kituo cha afya. Muuguzi alikuwa msichana mpole, alimsafisha polepole, akawa anajaza karatasi.

"Mama anafanya kazi gani?"

Nikaanza kukunja ile shuka. Aziza, kwa mdomo ule wa kidonda, akamjibu, "Ni kinyozi."

Muuguzi aliniangalia, akaandika. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo, hata siku ya nanasi.

Tulipotoka nje sikuweza kujizuia. Nilikuwa na hofu, na hofu kwangu hutoka kama ugomvi. Nikamuuliza kwa sauti, njiani, watu wanapita, "Juu ya nini haukuniambia? Mi mama yako, mi fundi, bintu yote iko kwa nyumba! Sukari iko, uzi iko! Juu ya nini?"

Akasimama. Hakulia. Alisema polepole kwa sababu ya maumivu.

"Batoto ya wengine unatumaka bamama yao limau. Mi, ni nani angekutuma weye?"

Nikamfunika shuka tena, tukatembea hadi nyumbani.

Kidonda kilipona baada ya wiki kadhaa kikaacha doa jeusi. Nywele zikarudi. Hapa niwaambie, maana mtaulizwa kila siku: hazirudi nene zaidi, huo ni uongo. Zinarudi na ncha butu iliyokatwa, ndiyo maana zinaonekana ngumu. Kwa Aziza zilionekana zaidi kwa sababu zilikuwa juu ya doa.

Kilichoniuma si doa. Shule ilipotaka vichwa vinyolewe, alikwenda kunyolewa kwa kinyozi wa kiume karibu na soko. Alipita mbele ya mlango wangu, mbele ya wateja wangu, amevaa kitambaa, akarudi kichwa kimenyolewa, tena vibaya, na kisogo kimeachwa na ngazi za nywele. Mbugangari nzima iliona binti wa kinyozi akipeleka kichwa chake pengine. Wengine wakadhani nimemkataa. Mimi nilijua ni yeye aliyenikataa, na niliogopa kwamba kuanzia pale kila litakalompata, kubwa kuliko nywele, atalipeleka pengine vilevile.

Nilimwomba msamaha. Kwetu mzazi hamwambii mtoto "nimekosa". Atakupikia chakula kizuri, atakununulia viatu, wewe utajua. Mimi nilishajaribu sambusa, hazikusaidia. Kwa hiyo nilikaa kitandani kwake nikamwambia, "Aziza, nilikosa. Ulinisemesha mara tatu na mi nilikucheka mbele ya watu. Siku ukitaka uzi, ukitaka sukari, ukitaka mashine, nitakufanyia ao nitakufundisha ujifanyie. Na kama hautaki kitu, ni sawa."

"Sawa, mama," akasema, kwa sauti ile anayomjibia mtu wa kodi.

Basi nikangoja. Nawaambia, kazi yote niliyofanya miaka thelathini haikunichosha kama kungoja kule. Kila asubuhi ule mdomo ulinipita mbele ya chai na mikono yangu ikaniwasha. Dakika mbili za uzi ningemaliza! Wateja walininong'oneza dawa. Mama mkwe, kama angekuwa hai, angenitumia baraka. Sikusema neno. Muhula ukaisha, ukaja mwingine, naye akaendelea kwenda kwa yule wa soko na kurudi na ngazi kisogoni.

Likizo ilipofika, siku moja ya mvua, alikuja kukaa saluni na daftari zake kwa sababu kule ndani paa lilikuwa linavuja. Alikaa kwenye benchi la wateja. Mimi nilikuwa namsuka mama mmoja kutoka Cyanzarwe, mkulima wa karoti, mtu mwema lakini mdomo wake hauna mlango. Alimtazama Aziza kwenye kioo, akamtazama tena.

"Mama Aziza, we fundi muzima," akasema, chumba kizima kinasikia. "Mutoto yako iko na moustache kama ya askari gendarme. Bon, unangojea nini?"

Wanawake waliokuwa wakingoja wakanigeukia. Majibu yalinijia manne kwa pamoja. La kwanza lilihusu bahati ya bibi yake. La pili lilihusu doa. La tatu lilikuwa la kumtetea, na la nne lilikuwa la kumtukana mteja. Yote yalikuwa mazuri na yote yalikuwa yangu. Nikayameza.

"Mi siko na jibu," nikamwambia. "Uso haiko yangu. Mwenyewe ni ule pale, umuulize."

Yule mama akageuka kwenye kiti, na kichwa chake kikavuta nywele mkononi mwangu. Aziza aliinua macho kutoka kwenye daftari. Alitutazama sisi sote, mmoja mmoja, bila haraka.

"Sijataka kuitoa, mama," akamwambia mteja kwa heshima. "Naizoea. Siku nikitaka, nitamwambia mama yangu."

Akarudi kwenye hesabu zake.

Hakusema atajua mwenyewe. Hakusema atakwenda sokoni, wala kwa rafiki wa darasani. Alisema atamwambia mama yake, na alilisema mbele ya watu, mahali pale pale nilipomcheka.

Mteja akaniuliza kwa nini nimeacha kusuka. Nikamwambia angoje kidogo, macho yangu hayaoni vizuri.